Tundu Juu ya Dirisha

Mazungumzo yangu ya asubuhi hii ni juu ya tundu. Nasema lile tundu la hewa ambalo mafundi wa zamani wa mji huu waliliacha juu ya dirisha, chini kidogo ya paa, na ambalo nyumba nyingi mpya za Tabora hazina tena. Ukipita Gongoni hapa mjini, mahali ambapo nyumba kongwe na nyumba ya juzi zinasimama jirani, jambo hili utaliona bila kuelezwa na mtu. Kongwe ina matundu. Mpya ina madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, dari ya jipsamu iliyozibwa pembe zote, milango inayobana sawasawa, na bati lililofichwa nyuma ya ukuta. Ni nzuri, na mwenyewe kaitolea jasho. Sina neno na uzuri wake. Neno langu ni juu ya hewa ambayo watoto wataivuta humo kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri.

Tuchukue chumba cha kulala cha kawaida, mita 3 kwa mita 3, kimo mita 2.7. Ndani yake mna kiasi cha lita 24,000 za hewa. Wanalala humo baba, mama na watoto wawili. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban lita 12 za hewa ya ukaa kila saa, mtoto hutoa pungufu. Wote wanne tuwakadirie lita 40. Hewa ya nje, hii ya uwanjani chini ya mwembe, ina hewa ya ukaa kama sehemu 420 katika kila sehemu milioni moja. Ukifunga dirisha, ukafunga mlango, ukaziba na upenyo wa chini kwa kitambaa ili panya asipite, basi ndani ya saa moja kiwango hicho kinapita 2,000. Hiyo ni saa moja tu. Usiku bado una saa nyingi zinakuja.

Kwa kweli hakuna nyumba inayozibika kabisa, kitu hupenya hapa na pale, na hewa ya ukaa kwa viwango hivyo haiui mtu. Ila inatuambia kitu. Mwaka 1858 mtaalamu wa afya wa Ujerumani, Max von Pettenkofer wa mji wa München, alipendekeza kwamba chumba cha watu kisizidi sehemu 1,000 katika milioni. Hakuiona hewa ya ukaa yenyewe kuwa ndiyo sumu. Aliitumia kupimia pumzi za watu zimerudiwa mara ngapi, kwa sababu kinachotoka mdomoni hakitoki peke yake. Kinatoka na mvuke, na harufu, na kwa mgonjwa kinatoka na vijidudu. Kipimo chake kinatajwa hadi leo.

Sasa utaelewa kwa nini mtu anaamka asubuhi kichwa kizito, mdomo mkavu, anasema hakulala vizuri na kitanda ni kipya. Utaelewa pia kwa nini mwezi Juni na Julai, usiku wa Tabora unapokuwa baridi, vioo vya dirisha vinatoka jasho kwa ndani. Familia ya watu wanne hupumua zaidi ya lita moja ya maji kwa usiku mmoja. Maji hayo yasipopata pa kutokea yanafanya matone kwenye kioo, yanaingia nyuma ya kabati, yanatua kwenye ukuta wa upande usiopata jua. Baada ya muda unaona madoa meusi ya kuvu. Mwenye nyumba anapaka rangi upya, kuvu inarudi, anamlaumu fundi rangi. Fundi rangi hana kosa.

Kuvu si suala la sura ya ukuta. Desemba 2020, katika mji wa Rochdale kule Uingereza, alifariki mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan. Waliishi katika fleti yenye kuvu na isiyokuwa na njia ya kutosha ya kupitisha hewa. Baba alikuwa amelalamika mara kwa mara kwa waliowapangisha. Mwezi Novemba 2022 ofisa wa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba mtoto yule alikufa kwa maradhi ya mfumo wa hewa yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu na kuvu ndani ya nyumba. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 2023, na sehemu yake inaitwa kwa jina la mtoto huyo. Inawabana wenye nyumba za umma wazishughulikie kasoro za namna hiyo kwa muda uliowekwa. Nchi tajiri, yenye wakaguzi wa majengo wa kila aina, imefika mahali pa kutunga sheria kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekosa hewa safi chumbani kwao. Mimi habari hii naiweka moyoni kila nionapo nyumba mpya imezibwa.

Turudi nyumbani. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba 1857 waliikuta njia ya misafara imekwisha kuota mizizi hapa. Nyumba ya ukubwa wa enzi hizo tunayo bado Kwihara, tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya Stanley kumfuata Ujiji. Ukiingia mle unahisi kuta nene za udongo zinavyozuia joto, unaona baraza na ua wa ndani ambako maisha ya mchana yalifanyika. Nisiisifu kupita kiasi. Tembe la mtu wa kawaida lilikuwa na giza, moto uliwaka ndani, na moshi ukatafuta njia kwenye mlango na kwenye boriti. Hakuna anayetaka kurudi huko.

Nyumba inayostahili kutazamwa kwa makini ni ile iliyofuata, nyumba ya Kiswahili, ambayo watu wa pwani walikuja nayo wakapita nayo mpaka Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mlango wa mbele unatazama barabara, ukumbi unapita katikati, vyumba kushoto na kulia, na mlango wa nyuma unatokea uani. Jiko liko uani. Fungua milango miwili hiyo, na kiupepo chochote kinachovuma kinapita nyumba nzima. Vyumba havikuwa na dari. Ukuta wa kugawa chumba na chumba uliishia pale kuta zinapoishia, na juu yake hewa ilikuwa moja. Kasoro yake kila aliyepanga chumba anaijua. Ukikohoa, nyumba yote imesikia. Ukigombana na mwenzio, nyumba yote imejua. Watu walitaka faragha na walikuwa na haki ya kuitaka. Dari ya jipsamu imewapa faragha, ikawanyima ule mlango mkubwa wa hewa uliokuwa juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyefikiria kuufidia.

Ukisimama kwenye boma linalojengwa sasa hivi, utasikia mazungumzo yaleyale. Mwenye nyumba anauliza, "Fundi, huku juu hatuachi matundu?" Fundi anajibu, "Mama, hayo ya zamani, yanaleta vumbi na mbu, na yanaharibu sura ya nyumba." Basi yanazibwa. Na fundi hajasema uongo. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi tunalijua. Wezi tunawajua. Na mbu, msikilizaji, mbu ndiye hoja nzito kuliko zote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwapima watoto wa chini ya miaka mitano, na mkoa wetu ukakutwa unaongoza Tanzania Bara kwa malaria: karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne alikuwa nayo. Mama anayejaza matambara kwenye tundu la juu ya dirisha anamlinda mwanawe. Asije mtu akamcheka.

Ila kuna jambo ambalo wataalamu wa mbu wamelifanyia kazi miaka ya karibuni na ambalo lingefaa lijulikane kila kata. Mbu hamtafuti mtu kwa macho peke yake. Anafuata hewa ya ukaa tunayoipumua na harufu za miili yetu. Watafiti waliojenga nyumba za majaribio huko Gambia waliona kwamba nyumba ya bati iliyozibwa chini ya paa inapata joto sana usiku, na hewa ya ukaa inajaa ndani, kisha inachuruzika kupitia mianya ya mlango na kumwonyesha mbu mahali pa kuingilia. Walipoweka matundu makubwa yenye wavu yanayotazamana, joto lilipungua, hewa ya ukaa ikapungua, na mbu walioingia wakapungua. Kwa maneno mengine, chumba kilichozibwa bila wavu kinamwita mbu, na chumba kinachopumua kwa wavu kinampoteza njia. Nilipolisoma jambo hili nililirudia mara mbili, kwa sababu sisi wote tumelelewa tukiamini kwamba kufunga ndiko kujikinga.

Na si Gambia peke yake. Hapa kwetu, katika kijiji cha Magoda mkoani Tanga, zilijengwa nyumba sita za mfano kwa fikra hiyohiyo, kuta zikiwa nyepesi zenye kupitisha upepo na kuzuia mbu. Baadaye mkoani Mtwara zikajengwa nyumba 110 za ghorofa moja juu, vyumba vya kulala vikiwa huko juu, jiko likiwa na njia ya moshi, na familia za vijijini zikapewa kuishi humo ili afya za watoto zilinganishwe na za majirani. Mwenye nyumba wa Gongoni hana haja ya kunakili nyumba ya Mtwara. Akubali tu kile ilichojengewa, kwamba hewa na kinga ya mbu vinaweza kukaa kwenye ukuta mmoja.

Hapa niseme juu ya mtindo huu wa nyumba za kontemporari, zenye paa la kuficha. Nyumba ya zamani bati lake lilitokeza nje ya ukuta, likatupa kivuli juu ya dirisha na kulikinga na mvua. Ungeweza kuacha dirisha wazi mvua ikinyesha. Paa la kuficha halitokezi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili, kila wingu likitanda watu wanakimbilia kufunga madirisha, na mwezi wa Oktoba jua linapiga kioo na ukuta moja kwa moja. Chini ya bati, juu ya jipsamu, joto linajikusanya halina pa kwenda. Mwenye uwezo anafunga kiyoyozi. Na watu wengi, hata wasomi, wanaamini kiyoyozi kinaleta hewa mpya. Hakileti. Hivi viyoyozi vya ukutani tunavyofungiwa majumbani vinachukua hewa ileile ya chumbani, vinaipoza, vinairudisha. Feni nayo inaikoroga. Pumzi mliyoitoa jana usiku ndiyo mnayoivuta tena ikiwa baridi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na nitalisema taratibu. Jiko la mkaa chumbani. Kila msimu wa baridi wapo wanaoingiza jiko ndani ili kupata joto, au kwa sababu mvua inanyesha na maharage hayajaiva. Moshi umekwisha, mkaa umekuwa mwekundu, wanaona sasa ni salama. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kwa wingi hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inashikamana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa oksijeni mapafu yakiwa yanapumua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuisha nguvu, na aliyelala hazioni kabisa. Katika nyumba ya zamani yenye mianya, familia nyingi ziliponea kwenye mianya hiyo pasipo kujua. Jiko lilelile katika chumba cha aluminiamu na jipsamu halisamehi. Jenereta lililowekwa koridoni umeme ukikatika lina sumu hiyohiyo.

Dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara, nayo tusiifumbie macho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulipima moshi wake na kukuta kwamba duara moja likiungua lote linatoa vumbi laini la kuingia mapafuni sawa na sigara 75 hadi 137. Tunaliwasha chini ya kitanda cha mtoto, tunafunga dirisha ili dawa isipotee. Chandarua kinafanya kazi hiyo usiku kucha na hakitoi moshi.

Serikali mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi. Ni mkakati mzuri na Tabora, mkoa unaochoma miombo kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku, unauhitaji kuliko wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake. Lakini mtungi wa gesi unaingia kwenye jiko lililojengwaje? Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka sakafuni na kutandaa, wakati moshi na mvuke wa sufuria unapanda juu. Kwa hiyo jiko linataka tundu la juu na tundu la chini, karibu na sakafu, yote yakitokea nje. Ni wachache wanaojenga hivyo. Wanaotufikishia gesi watufikishie na habari hii.

Wazungu walipita njia hii kabla yetu. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, nchi za baridi zilianza kuziba nyumba na ofisi ili joto lisitoke. Muongo mmoja baadaye madaktari walikuwa wanajadili majengo yanayowaletea watu maradhi, na Shirika la Afya Duniani likalitambua tatizo. Dawa yao ikawa mashine: nyumba inazibwa kabisa, kisha feni maalumu inavuta hewa ya nje mchana na usiku na kuipasha joto kwa ile inayotoka. Nyumba moja mashuhuri ya namna hiyo, ile ya Kranichstein katika mji wa Darmstadt, ilimalizika mwaka 1991, na kwa baridi yao ni kazi ya akili kweli. Sisi tumenunua dirisha lao tukaiacha mashine yao. Wala hatuihitaji. Mwaka 2007 watafiti waliozipima hospitali za Lima, nchini Peru, walikuta kwamba wodi zenye madirisha na milango iliyofunguliwa zilibadilisha hewa kiasi cha mara 28 kwa saa, na vyumba vilivyowekewa mashine kwa ajili ya kifua kikuu vilikuwa mara 12. Yaliyoshinda kabisa yalikuwa majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha makubwa. Tanzania kwa miaka mingi imekuwa katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na upepo wa kusi wa kiangazi unavuma hapa bure. Kwetu dirisha ni sehemu ya tiba.

Basi nifanyeje, utauliza, ikiwa nyumba imekwisha jengwa? Dirisha la kuteleza la mita 1.2 kwa 1.2 linafunguka nusu, nayo inatosha kusafisha hewa ya chumba kidogo, mradi lifunguliwe na liwe na wavu mzima usio na tundu la kidole. Asubuhi fungua madirisha ya pande zote mbili za nyumba kwa pamoja, hewa ipite moja kwa moja, usiridhike na upande mmoja. Mlango wa chumba uinuliwe sentimita moja kutoka sakafuni. Sogeza kabati mbali kidogo na ukuta wa nje. Mpangaji, mwombe mwenye nyumba kwa heshima akubali utoboe tundu moja juu ya dirisha. Kutoboa na kuweka wavu ni kazi ya nusu siku.

Na wewe mwenye boma ambalo halijaezekwa, wewe ndiye niliyekukusudia hasa. Kabla ya kupaua, simama na fundi wako chini ya lenta. Mwambie aache matundu kwenye kila chumba, juu, kwenye kuta mbili tofauti ikiwezekana. Ayafanye kwa matofali ya maua au kwa fremu yenye nondo, ndani yake wavu wa mbu unaoweza kutolewa na kuoshwa vumbi. Yawe makubwa kuliko unavyodhani, kwa kuwa wavu hupunguza upepo. Kama unataka paa la kuficha, dai kibaraza kidogo cha zege juu ya kila dirisha, na njia ya kutolea joto lililo juu ya dari. Jiko lipate matundu mawili, la juu na la chini. Fundi akikwambia kwamba hayo ni mambo ya zamani, mjibu kwamba humo ndimo watakamolala wanao, na usiondoke mpaka umeyaona yameachwa. Na usiku wa leo, popote unapolala, jiko la mkaa libaki nje.